GDPR kwa duka dogo la mtandaoni: maana yake na namna inavyofanya kazi

GDPR ni kanuni ya Umoja wa Ulaya inayosimamia jinsi taarifa za watu zinavyokusanywa, kutumiwa, kuhifadhiwa na kufutwa. Ilipitishwa Aprili 2016 na ikaanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Taarifa binafsi ni chochote kinachoweza kumtambulisha mtu aliye hai: jina, anwani ya nyumbani, namba ya simu, orodha ya alivyonunua, hata anwani ya IP, yaani namba ya kifaa chake mtandaoni, inayobaki kwenye seva kila anapofungua ukurasa. Mtu mmoja anayeuza vikapu vya ukili kutoka sebuleni kwake anashika taarifa zile zile zinazoshikwa na kampuni kubwa, ila kwa uchache. Na anwani ya mtu si jambo dogo: anayeipata anajua mwenye jina hilo analala wapi.

Je, kanuni hii inamgusa muuzaji aliye nje ya Ulaya? Mara nyingi, ndiyo. Kinachoangaliwa si uraia wa mteja bali mahali alipo, na kama duka linamlenga. Mtanzania anayeishi Hamburg akiagiza kanga kutoka duka la Zanzibar linalotaja bei kwa euro na gharama za kutuma mzigo Ujerumani, analindwa na GDPR. Mjerumani anayeishi Dar es Salaam akinunua duka hilo hilo na kuletewa Kariakoo, kanuni hiyo haimhusu. Tovuti kufunguka tu ikiwa Paris hakutoshi. Uingereza nayo, baada ya kujitoa kwenye Umoja, ilibaki na toleo lake linalofanana sana na la awali.

Wenye maduka madogo wengi hukosea pale wanapodhani GDPR maana yake ni kuomba ridhaa kwa kila kitu. Kanuni inataja misingi sita inayoruhusu kutumia taarifa za mtu, na ridhaa ni mmoja tu. Tuchukue oda moja. Mteja wa Lyon ananunua kikapu. Jina, anwani na barua pepe yake unazihitaji ili mzigo umfikie, kwa hiyo msingi ni mkataba wa mauzo kati yenu. Ukimwekea kisanduku cha kukubali hapo, umemdanganya bila kukusudia, maana ridhaa huweza kuondolewa wakati wowote, na huwezi kupeleka mzigo kwa mtu usiyemjua anwani. Ankara unaitunza kwa sababu sheria ya kodi na hesabu inakulazimisha. Kuchunguza oda yenye dalili za utapeli ni maslahi halali ya biashara yako. Ridhaa inaingia pale unapotaka kumtumia matangazo, na lazima aitoe mwenyewe. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Planet49, ilisema kisanduku kilichotiwa alama tayari si ridhaa. Ipo nafuu moja: sheria za Ulaya zinaruhusu kumwandikia mteja aliyekwisha kununua kwako kuhusu bidhaa zinazofanana na alizochukua, mradi alipewa nafasi ya kukataa tangu mwanzo na anaipata tena katika kila barua.

Kuki, yaani faili ndogo ambazo tovuti huziweka kwenye kivinjari cha mgeni, zina sheria yake, agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 lililorekebishwa 2009. Kuki inayokumbuka vilivyomo kwenye kikapu cha manunuzi haihitaji ruhusa. Za matangazo, na kwa kawaida za kuhesabu wageni, zisubiri mpaka mtu akubali. Kasoro ninayoiona mara nyingi ni tangazo la kuki lililopambwa vizuri huku nyuma yake vifuatiliaji vyote, yaani kuki na programu zinazofuatilia mgeni anachofanya, vimekwisha kuanza kazi kabla mgeni hajabofya chochote. Kujipima ni rahisi: fungua duka lako katika dirisha la faragha la kivinjari, usibofye kitu, kisha angalia kuki zilizowekwa. Kukataa nako kuwe kwepesi kama kukubali. Mamlaka ya Ufaransa ya ulinzi wa taarifa, CNIL, iliitoza Google euro milioni 150 kwa sababu kukataa kulihitaji mibofyo mingi zaidi. Ushauri wangu kwa duka linalouza oda chache kwa wiki ni kuviondoa vifuatiliaji kabisa. Ukibaki na kuki za lazima tu, huhitaji hata hilo tangazo la kuomba ruhusa, na mteja anaingia dukani moja kwa moja.

Taarifa huvuja hata kwa vitu visivyodhaniwa. Januari 2022 mahakama ya München iliamuru mwenye tovuti amlipe mgeni wake euro 100 kwa sababu herufi (fonti) za tovuti hiyo zilipakuliwa kutoka seva za Google, na anwani ya IP ya mgeni ikapelekwa huko bila ruhusa yake. Baada ya hukumu hiyo, biashara nyingi ndogo za Ujerumani na Austria zilianza kupokea barua za kudaiwa fidia kwa kosa kama hilo. Dawa yake ni kupakua mafaili ya herufi na kuyaweka kwenye seva yako mwenyewe, kazi isiyomaliza mchana mmoja.

Jambo jingine lisilopewa uzito ni wale wanaoshika taarifa kwa niaba yako. Duka likiwa Shopify, jukwaa la kuendeshea maduka ya mtandaoni, na barua za matangazo zikipitia Mailchimp, huduma ya kutuma barua pepe kwa wengi, majina ya wateja wako yamelala kwenye kompyuta za wengine. Wewe ndiye unayeamua taarifa zitumike kwa lipi, kwa hiyo wewe ndiye unayeulizwa kwanza. Kanuni inataka pawe na mkataba wa uchakataji kati yako na kampuni hizo, unaoeleza watakavyozitumia taarifa kwa niaba yako. Kwa kampuni hizi mkataba huwa umeandaliwa tayari ndani ya masharti yao; usome, uukubali, utunze nakala. Kampuni ikiwa ya Marekani kuna hatua ya ziada: mpango wa zamani wa kupeleka taarifa huko ulifutwa na mahakama Julai 2020, na mpya ukaanza Julai 2023, hivyo angalia kama kampuni yako imo kwenye orodha ya waliojiunga.

Siku mteja atakapoandika, “Nataka kujua mna nini kunihusu,” au “Nifuteni,” una mwezi mmoja wa kujibu, bila kumtoza. Usikimbilie kumdai pasipoti kama ameandika kwa barua pepe ile ile aliyoagizia. Utakuwa unakusanya taarifa nyeti zaidi ya alizokuomba ufute. Na kufuta si kufuta vyote. Ufaransa, kwa mfano, nyaraka za hesabu hutunzwa miaka 10, kwa hiyo duka lililoko huko hubaki na ankara, ila hufuta akaunti, jina kwenye orodha ya matangazo na maelezo mengine, kisha humweleza mteja kilichobaki na sababu yake.

Kwa wauzaji wetu, kazi ngumu iko kwenye simu. Oda zinakuja WhatsApp na Instagram: anwani imeandikwa kwenye gumzo, picha ya risiti imo kwenye galari pamoja na picha za watoto, namba za wateja zimehifadhiwa milele. Yote hayo ni taarifa binafsi, na hata daftari la karatasi lililopangwa kwa majina ya wateja linahesabika. Hamisha kinachohitajika kwenye jedwali moja lenye neno la siri, futa gumzo mzigo ukishapokelewa na muda wa kurudisha bidhaa ukishapita, na simu iwe na kufuli. Simu ikiibwa, au ukituma barua ya matangazo huku anwani za wateja wote zikionekana, una saa 72 tangu ujue kuitaarifu mamlaka ya ulinzi wa taarifa, isipokuwa kama tukio halielekei kumletea mtu madhara.

Adhabu ya juu kabisa ni euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya mwaka ya dunia nzima, kiasi kilicho kikubwa zaidi. Vichwa vya habari huchukuliwa na kesi kama ya Meta, kampuni ya Facebook, iliyotozwa euro bilioni 1.2 mwaka 2023. Kwa duka dogo, shauri kwa kawaida huanza na lalamiko la mteja mmoja aliyeandika mara mbili asijibiwe.

Muuzaji asiye na ofisi ndani ya Umoja anaweza pia kutakiwa kuteua mwakilishi huko, isipokuwa kama anauza Ulaya kwa nadra na bila hatari kubwa kwa wateja. Na kazi hii haipotei nyumbani: Kenya na Uganda zilitunga sheria zao za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, ikimtaka anayekusanya taarifa ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Jedwali lile lile linaloonyesha una taarifa gani, za nini, nani mwingine anaziona na zitafutwa lini, linajibu maswali mengi ya pande zote mbili.