Shingo ya simu ni nini hasa?

Fundi cherehani wa zamani angekueleza maumivu haya bila kuwahi kushika simu maishani mwake. Kutwa nzima kichwa kiko juu ya sindano, jioni akisimama shingo haigeuki na mabega mazito kama ametoka kupakua magunia. Msusi wa nywele anayajua. Msuka ukili anayajua. Hata mama aliyekabidhiwa kuchambua mchele wa shughuli anayajua, tena yeye kwa siku moja tu. Tofauti ni kwamba fundi jioni hufunika cherehani yake akaondoka. Simu haifunikwi: tunaiinamia kijiweni, kwenye daladala, mezani, na usiku tunaingia nayo kitandani.

Maumivu na mkazo huo wa nyuma ya shingo na mabegani, unapohusishwa na kuinamia simu kwa muda mrefu, ndio unaoitwa shingo ya simu. Wengine huongezewa na kichwa kinachogonga kuanzia kisogoni. Anayetajwa kulitunga jina hilo ni Mmarekani Dean Fishman, mtaalamu wa tiba ya uti wa mgongo kwa mikono huko Florida, aliyefungua hata kliniki yenye jina hilohilo. Ni jina la kuvutia, na majina ya kuvutia husafiri haraka kuliko ushahidi wake.

Tuanze na uzito. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4.5 hadi 5.5 hivi, yaani dumu la lita 5 lililojaa maji. Kikiwa wima juu ya pingili 7 za shingo, mifupa ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mzigo na misuli inasaidia tu kuweka mizani. Anayetoka kisimani na ndoo ya lita 20 juu ya kata hahitaji kuelezwa hili. Mtazame shingo yake ilivyonyooka. Sasa inamisha kichwa mbele. Hakikalii tena mifupa, kinaning'inia, na misuli ya nyuma ya shingo inakivuta kisianguke kifuani. Ukitaka kuhisi kinachotokea, shika dumu lile la maji ukiwa umelikumbatia, kisha linyooshe mbele kwa mkono mmoja. Maji hayajaongezeka hata tone, lakini dakika moja haitaisha kabla bega halijaanza kulalamika.

Mwaka 2014 daktari mpasuaji wa uti wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alichapisha hesabu za mzigo huo. Kichwa kikiinama nyuzi 15, shingo hubeba kama kilo 12. Nyuzi 30, kilo 18. Nyuzi 45, kilo 22. Nyuzi 60, kilo 27. Hiyo ya mwisho inaipita ndoo ya kisimani. Mchoro wake umezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka umechakaa, na kinachosahaulika kila ukisambazwa ni kwamba zile ni hesabu za kompyuta. Hakuna shingo ya mtu iliyowekwa kwenye mizani.

Tena, mzigo kuongezeka si sawa na shingo kuharibika. Misuli imeumbwa kubeba. Watafiti wa Brazil waliwachunguza vijana 150 wa miaka 18 hadi 21, wakatazama jinsi wanavyokaa na simu, wakawauliza kuhusu maumivu. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2018: hawakuona uhusiano kati ya kuinama huko na kuumwa shingo. Mwaka uliofuata magazeti ya dunia yakatangaza kwamba vijana wanaota pembe kisogoni kwa sababu ya simu, kutokana na picha za eksirei zilizosomwa na watafiti wa Australia. Utafiti wenyewe haukupima kabisa nani anatumia simu kwa kiasi gani, na baadaye ukalazimika kutolewa masahihisho. Kwa hiyo mzazi anayemtisha mwanawe kwamba ataota kibyongo kwa sababu ya TikTok anatisha tu.

Basi mbona shingo inauma kweli? Kwa maoni yangu, tumelaumu sana kiasi cha kuinama tukausahau muda. Msuli uliokazwa bila kuachiwa huchoka, hata kama umekazwa kidogo. Saa nzima katika mkao mmoja huumiza hata ukiwa umenyooka kama askari wa gwaride. Ongeza usingizi mchache, mawazo, na mwili usiofanya kazi yoyote ya nguvu, shingo itakaza tu, simu iwepo isiwepo.

Wanaume wengi dawa yao iko kwa kinyozi: baada ya kunyolewa na kuchuliwa, anakushika kidevu, anakigeuza ghafla, shingo inaalika, unatoka unajiona mwepesi. Kuchuliwa hakuna neno. Kule kuzungushwa ghafla ndiko ningekataa, kwa sababu mara chache hupasua mshipa wa damu unaopita shingoni kwenda kwenye ubongo, na mtu akapata kiharusi.

Maumivu ya kawaida hupungua yenyewe kwa siku au wiki chache. Usisubiri ukiona mkono unakufa ganzi au unapoteza nguvu, miguu inayumba, mkojo haushikiki, au maumivu yameanza baada ya kuanguka au ajali ya bodaboda. Shingo iliyokakamaa pamoja na homa kali na kichwa kuuma sana hiyo si ya simu hata kidogo. Inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kwa iliyobaki, simama. Kila baada ya nusu saa hivi tembea kidogo, zungusha mabega, rudisha kidevu nyuma kama unayetaka kutengeneza kidevu cha pili, shikilia sekunde tano, achia, rudia mara kumi. Mazoezi ya kuipa nguvu misuli ya shingo na mabega yana faida kuliko mikanda ya kunyoosha mgongo inayouzwa mitandaoni. Ukiongea muda mrefu usiibane simu kati ya sikio na bega. Ukisoma, iinue hadi usawa wa kifua, viwiko ukiviegemeza kwenye mbavu au mto, maana mikono nayo huchoka. Na kabla ya yote hayo fungua mipangilio, ongeza ukubwa wa maandishi na mwanga wa kioo. Juani, kwenye kioo chenye giza na herufi kama chawa, utaifuata simu kwa pua bila kujua.