Uvuvi endelevu wa matumbawe maana ake nini, kwa sisi wa Dodoma tunaoiona bahari kwenye deli la barafu

Miaka kumi na ushee iliyopita nilinunua changu pale Majengo, samaki mzuri kabisa, macho maangavu, matamvua mekundu, muuzaji kaapa kwamba kaingia asubuhi ile ile na basi la usiku kutoka Dar. Nimefika nyumbani nikaparua magamba, nampasua tumbo nakuta damu imevilia ndani, mfupa wa mgongo umekatika katikati, nyama nayo inamomonyoka kwenye vidole kama ugali usioiva. Nikajua nimeuziwa samaki aliyelala. Bahati nzuri shemeji yangu wa Tanga alikuwepo, akamshika yule samaki kichwani akamninginiza, samaki akapinda kama kitambaa kilicholowa, akacheka, akaniambia huyu mbona mbichi kabisa, huyu kapigwa bomu.

Ndo siku nilielewa kwamba uvuvi haramu sio stori ya watu wa pwani peke yao. Tuko zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini na bomu limenifikia kwenye sufuria.

Sasa hili neno uvuvi endelevu tunalisikia kila siku, wizara yenyewe ya Mifugo na Uvuvi iko hapa hapa Mtumba, kila hotuba ya bajeti lazima litajwe, ila ukimuuliza mtu maana ake anakwambia "kuvua kidogo". Sio hivyo. Uvuvi endelevu ni kuvua kwa namna ambayo samaki wanaobaki wanatosha kuzaa na kuziba pengo la waliotoka, nyumba yao haivunjwi, na mvuvi mwenyewe bado anakula. Hivyo vitu vitatu vinakwenda pamoja, ukitoa kimoja vingine vinakufa, na hicho cha tatu ndo watu huwa wanakiruka halafu wanashangaa kwa nini sheria haifuatwi.

Hiyo "nyumba" ndo inafanya uvuvi wa matumbawe uwe tofauti na uvuvi wa ziwani tuliouzoea. Matumbawe ukiyaona kwenye picha unadhani ni mawe, kumbe ni wanyama wadogo wadogo sana wanaoishi kwa maelfu, wanajenga chokaa juu ya chokaa ya wenzao waliotangulia. Aina zile ngumu za mviringo zinaongezeka kama sentimita moja hivi kwa mwaka, kwa hiyo tumbawe lenye kimo cha meza ya kulia chakula limeanza kukua kabla ya Uhuru. Bomu moja linalisambaratisha kwa sekunde. Na ubaya hauishii hapo, vile vipande vinabaki vinabingirika na mkondo wa maji huku na huku, vijidudu vya matumbawe mapya vikitaka kushika havipati pa kutulia, kwa hiyo sehemu iliyolipuliwa inaweza kukaa miongo na miongo ikiwa kifusi tu. Tena samaki wengi wanaouliwa na bomu hata hawaelei, kile kifuko chao cha hewa kinapasuka wanazama, mvuvi anaokota anaowaona wengine wanaozea chini.

Halafu na wakazi wa hiyo nyumba kila mmoja ana kazi yake. Pono, yule mwenye mdomo kama wa kasuku, anakwangua mwani juu ya matumbawe mchana kutwa, chokaa anayoimeza inatoka nyuma ikiwa mchanga mweupe, ule ule ambao watalii wanakuja kuulalia. Kikande anakula urumba, wale wenye miba. Ukimmaliza kikande urumba wanazaliana mpaka wanautafuna mwamba wenyewe. Chewa ndo kiboko, wengi wao wanaanza maisha wakiwa majike, wakishakuwa wakubwa wanageuka madume, kwa hiyo ukivua wakubwa tu umeondoa waume wa kijiji kizima, ukivua wadogo tu umeondoa wake. Sijui unavua nani sasa.

Hapo ndo nakumbuka ile rula ya Bungeni. Mnakumbuka mwaka 2018, maafisa wa uvuvi waliingia kwenye mgahawa wa Bunge hapa mjini wakapima samaki walioshaiva, kwa rula, wabunge wakaja juu, mitandaoni tukacheka wiki nzima. Mimi nilicheka kama wengine ila kanuni yenyewe haikuwa ya kijinga. Wakati ule sato alitakiwa afike sentimita 25, sangara awe kati ya 50 na 85, ile 85 ya juu iliwekwa kwa sababu jike kubwa linatoa mayai mengi kuliko majike madogo kadhaa ukiyajumlisha. Kwa Ziwa Victoria rula ina maana, samaki wanaobeba biashara ni wa kuhesabu kwa vidole. Sasa nenda nayo Kilwa, mvuvi anapandisha dema moja, yaani mtego wa kusukwa, ndani kuna tasi, pono, changu wa aina tatu, mkundaji, kangu na wengine hata jina hawana, kila mmoja anakomaa kwa urefu wake. Utabeba rula ngapi?

Kwa hiyo kwenye matumbawe huwezi kusema "mwaka huu tuvue tani kadhaa basi", hamna wa kuzihesabu, samaki wanashuka kwenye fukwe mia, wengine wanaishia jikoni bila kupita mnadani. Kinachowezekana ni kupanga unavulia nini, wapi, na wakati gani. Ukishaelewa hayo matatu umeelewa sehemu kubwa ya dhana nzima.

Kwenye unavulia nini, kuna zana hazina mjadala. Baruti zilishapigwa marufuku tangu 1970 na bado mwaka 2015 watafiti walizunguka pwani yetu na vinasa sauti vya chini ya maji, katika saa 231 za kusikiliza wakanasa milipuko 318, mingi yake ndani ya kilomita 80 kutoka Dar, yaani mji mkubwa kuliko yote nchini. Na baruti haioti baharini. Inatoka migodini, kwenye machimbo ya kokoto, kwenye ujenzi wa barabara, ikivuja huko ndo inashuka pwani, kwa hiyo sisi wa bara tusijifanye hatumo. Baada ya hapo serikali ilikaza kweli, ikaunganisha polisi, maliasili, uvuvi na wengine kwenye kikosi kimoja, wakaacha kumkimbiza tu kijana mwenye mtumbwi wakaanza kumtafuta anayesambaza, milipuko ikapungua sana. Hilo mi naona lilikuwa somo kubwa kuliko operesheni zote za kuchoma nyavu.

Juya la kukokota nalo, kokoro kama wengine wanavyoliita, ni lile linaloburutwa chini likikwangua nyasi bahari na matumbawe, tundu dogo, linazoa mpaka vitoto vya samaki vya urefu wa kidole. Utupa ni sumu ya mmea inayomwagwa kwenye mashimo ya mwamba, ni mambo ya kale hayo ila bado yapo. Upande wa pili kuna mshipi wa ndoana na dema lenye matundu makubwa, hizi zinachagua, na ukimpata ambaye humtaki unamrudisha hai.

Sasa mtu atauliza, kama juya ni baya hivyo si waliache? Kaa na hii. Juya ni mali ya tajiri. Vijana nane kumi wanalivuta, wengi hawana hata ndoana ya kwao, tajiri ndo aliwakopesha pesa ya chakula kusi ilipovuma wakashindwa kutoka, na deni linalipwa kwa samaki, kwa bei anayopanga yeye. Patroli ikija inakamata vijana, juya linachomwa, tajiri anaagiza jingine, deni la vijana linaongezeka. Ukiiangalia hivyo utaona kwamba faini peke yake inamfunga mtu zaidi kwenye lile lile unalomkataza. Mafia waliwahi kujaribu njia nyingine, mvuvi analeta juya anapewa zana halali, hiyo angalau ilijibu swali la "kesho nile nini".

Kwenye wapi na lini, hapa watu wa Dodoma tuna mfano wetu na naushangaa hautumiki. Wazee wa Kondoa wanaikumbuka HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza 1973. Ardhi ilikuwa imeliwa na makorongo, mwaka 1979 ikatoka amri mifugo yote iondoke kwenye eneo lililomomonyoka. Majani yakarudi kweli, miti ikarudi. Ila ng'ombe hawakuyeyuka, walihamia kwa jirani, na jirani akaanza kupata shida ile ile. Ukifunga mwamba baharini ni hivyo hivyo, mitumbwi inahamia mwamba wa pili. Ndo maana hifadhi ya bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, ya mwaka 1995, haikufungwa yote, ilikatwa kanda, kuna sehemu hairuhusiwi kuvua kabisa, kuna sehemu wanavua wakazi tu kwa zana zinazoruhusiwa, na kuna ya jumla.

Njia inayonifurahisha zaidi lakini ni ya kufunga kwa muda, na mwalimu wake ni pweza. Pweza wa miambani anaishi kama mwaka mmoja na kidogo, anakua haraka sana, jike likitaga linakaa pangoni linalinda mayai bila kula mpaka yanaanguliwa halafu linakufa. Sheria ya Tanzania Bara inakataza kumvua akiwa chini ya gramu 500. Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka kule Madagaska kilifunga mwamba wake miezi kadhaa, kikafungua kikakuta pweza wakubwa, habari ikasambaa mpaka kwetu, Songosongo, Mafia, Kisiwa Panza kule Pemba. Kijiji kinakaa kikao, kinachagua mwamba mmoja sio yote, wanafunga miezi mitatu, wanapanga kufungua bamvua maji yakikauka vizuri. Siku hiyo mwamba mzima ni watu, kina mama na mitaimbo yao na ndoo kichwani, pweza aliyeachwa nusu kilo sasa ni kilo mbili na mnunuzi ameshaitwa na mzani wake.

Sio kwamba ni kazi rahisi. Kina mama wanavua kwa miguu kwenye maji kupwa, mwanaume mwenye mtumbwi na miwani anaweza kwenda mwamba wa mbali ule mwingine ukifungwa, mama hawezi. Kwa hiyo kikao kikiwa cha wanaume watupu utakuta umefungwa mwamba wa kina mama. Haya mambo hayapo kwenye sheria, yapo kwenye nani alialikwa kikaoni.

Wanaosimamia haya kijijini ni BMU, vikundi vya wavuvi wenyewe vinavyotambuliwa na sheria, wanaweka kumbukumbu, wanasaidia doria, wanatunga sheria ndogo ndogo kupitia kijiji na halmashauri, na pale ambapo samaki hawajui mpaka wa kijiji, vijiji kadhaa vinaungana vinasimamia eneo moja kwa pamoja. Zanzibar wana sheria zao na kamati zao za shehia, uvuvi sio jambo la Muungano. Kwenye karatasi BMU ni nzuri mno. Kwenye maji inahitaji petroli ya boti, na zaidi ya petroli inahitaji dawa ya muhali. Mwenyekiti wa BMU anamkuta mtoto wa dada yake na juya saa kumi alfajiri, amkamate? Watu wa pwani wanaoneana muhali sana, na sisi huku ni hivyo hivyo, mwenyekiti wa mtaa hamshtaki jirani aliyekata mti. Vijiji vilivyofanikiwa nadhani ni vile ambavyo watu wameshaona faida kwa macho, pweza wa kilo mbili akishapimwa hadharani hata mjomba mwenyewe anamkatalia mpwa wake.

Kitu kama hicho cha kufunga kwa muda kilifika mpaka Ziwa Tanganyika, 2024 lilifungwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, nchi zinazolizunguka zilikubaliana, sisi huku tulilijua kwenye bei ya migebuka.

Na joto la bahari lipo pia, 1998 liliunguza matumbawe mengi ya pwani yetu yakawa meupe, hilo BMU haiwezi kulipiga faini. Ila mwamba wenye pono wengi unasafishwa mwani haraka baada ya kuungua, unapona mapema kuliko ule uliokwanguliwa kila siku na juya.

Juzi nimerudi Majengo kwa dada mmoja ninayemzoea, nikamshika changu kichwani nikamninginiza kama shemeji alivyonifundisha, akanyooka vizuri. Nikamuuliza huyu kavuliwa na nini. Akaniangalia, "kaka, kuku nikikuuzia unauliza kafa na nini?" Wateja wakacheka, ila akachukua simu akampigia mtu wake wa Feri, soko la samaki kule Dar, akaweka spika. Yule jamaa kajibu bila hata kufikiria, mwambie mteja amwangalie mdomoni, akiona pametoboka hapo pembeni ni mshipi huyo. Tukamfungua mdomo pale mezani, kweli kuna kitundu, dada akaanza kuwafungua na wengine waliobaki kwenye deli, mmoja mmoja.