Pakiti ya baiti 29,012 haijavunja MTU

Mtu anafungua tcpdump, chombo cha kunasa pakiti za mtandao, kwenye mashine ya Linux, anakuta pakiti ya baiti 29,012 ikitoka kwenye kiolesura cha mtandao chenye MTU (ukubwa wa juu wa pakiti unaoruhusiwa) ya 1500, na papo hapo anatangaza kwamba keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inapuuza MTU. Hapana. Anachokiona ni mzigo ambao bado haujakatwa.

Sababu ni GSO, mbinu ya keneli ya kuchelewesha ukataji. Kwa ufupi: badala ya kukata data mapema na kupitisha kila kipande peke yake katika tabaka zote za mtandao, keneli hubeba mzigo mmoja, kwa kawaida usiozidi kilobaiti 64, pamoja na maelekezo ya kuukata. Ukataji huachwa hadi mwisho. Kadi ya mtandao ikiweza kukata mzigo wa TCP yenyewe, hiyo ndiyo TSO. Isipoweza, keneli hukata kabla ya kumkabidhi draiva. Kadi inapokata, tcpdump huwa imeshapiga picha ya mzigo mzima.

Kinachokera ni neno “ukubwa”, kwa sababu kuna namba tatu na zote huitwa hivyo. Ya kwanza ni skb->len, yaani urefu wa mzigo wote (skb ni muundo ambamo keneli hushikilia pakiti). Ya pili ni gso_size, yaani data tupu ya kila kipande, bila vichwa. Ya tatu, urefu wa kipande kitakavyokuwa kikishakatwa, haijahifadhiwa popote, lazima ikokotolewe. MTU inahusu hiyo ya tatu tu, ikihesabiwa kuanzia kichwa cha IP.

Chukua mzigo wetu. Kichwa cha IP ni baiti 20, cha TCP ni 32 pamoja na mihuri ya muda, na data ni 28,960. gso_size ni 1448. Jumlisha 20, 32 na 1448: unapata 1500 kamili. Vipande 20, vyote halali. Anayelinganisha skb->len na MTU ataikataa pakiti safi, na ikiwa mashine hiyo ni ruta, itamrudishia mtumaji ujumbe wa ICMP, itifaki ya taarifa za hitilafu, kwamba pakiti yake ni kubwa mno ilhali alituma za 1500, zikaunganishwa na GRO (kinyume cha GSO: huunganisha pakiti zinazoingia) ya ruta yenyewe. Anayelinganisha gso_size peke yake anakosea upande wa pili: gso_size ya 1460 ni ndogo kuliko 1500, ila ukiongeza vichwa vile vya baiti 52 unafika 1512.

Uzuri ni kwamba hesabu hii haihitaji kukata chochote. Vipande vyote vina data sawa isipokuwa cha mwisho, ambacho hakizidi wenzake, kwa hiyo kujumlisha mara moja na kulinganisha mara moja kunatosha, viwe viwili au arobaini. SCTP, itifaki nyingine ya usafirishaji kama TCP, ndiyo inayoharibu utaratibu: vipande vyake vinaweza kutofautiana, gso_size hubeba alama maalumu badala ya urefu, na keneli hulazimika kuvipitia kimoja kimoja.

Kazi hiyo ya kulinganisha vipande na MTU hufanywa na funksheni ya keneli, skb_gso_validate_network_len. Hadi 2018 iliitwa skb_gso_validate_mtu, ikabadilishwa jina baada ya kupata ndugu, skb_gso_validate_mac_len, anayehesabu pia kichwa cha Etheneti. Ndugu huyo hakuletwa kwa mapambo. Kasoro ya usalama CVE-2018-1000026 ilihusu bnx2x, draiva ya kadi za mtandao: mashine pepe isiyoaminika iliweza kupitisha pakiti kubwa mno, kadi ikazimika. Marekebisho yake yanafundisha: kwanza draiva huuliza kama gso_size inazidi 9000, swali lisilogharimu karibu chochote, na ikizidi tu ndipo huhesabu kama fremu itavuka 9700. Trafiki ya kawaida hailipii ukaguzi huo.

Kwa hiyo, mwenzangu, kuzima TSO kwa ethtool, amri ya kurekebisha mipangilio ya kadi, kutapunguza namba kwenye skrini yako na kumwongezea prosesa kazi, lakini kwenye waya vitapita vipande vilevile vya 1500. Ukitaka kuvihakiki, sikiliza upande wa mpokeaji, na huko zima GRO kwanza, maana nayo huviunganisha kabla tcpdump haijaviona.