Pekee wa wapi? Maana ya viumbe wa eneo moja

Twiga anapatikana Tanzania. Chura wa Kihansi anapatikana Tanzania tu. Hilo "tu" la mwisho ndilo dhana yenyewe: mnyama au mmea ambao kwa asili hauishi mahali pengine popote duniani. Wanabiolojia huuita spishi endemiki.

Watu huchanganya hili na uenyeji. Tembo ni mwenyeji wa Tanzania, lakini na Botswana ni kwao. Mwarobaini ndio kabisa: tumeuzoea hadi tunadhani ni wa mababu, kumbe asili yake ni Bara Hindi. Wala uchache si kigezo. Faru weusi wamebaki wachache, ila wako nchi kadhaa.

Mtu akikwambia mnyama fulani ni wa pekee, muulize: pekee wa wapi? Kima punju kwao ni Unguja, hivyo ni wa pekee wa Unguja, wa Tanzania, na wa Afrika pia. Ukitaja eneo kubwa mno, neno linapoteza ladha.

Viumbe hawa hupatikana zaidi pale walipotengwa kwa muda mrefu. Visiwa ni mfano wa wazi, lakini hata mlima unaweza kuwa kisiwa. Tazama Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita kule Kenya hadi Udzungwa. Pepo za Bahari ya Hindi ziliinyeshea mvua hata nyakati ambazo nchi za chini zilikauka, misitu ikabaki juu, kila mmoja peke yake. Mwaka 1991 watafiti wa Denmark waliokuwa Udzungwa waliona ndani ya sufuria ya kitoweo miguu ya ndege wasiyemjua. Alikuwa kwale mpya kwa sayansi, na ndugu zake wa karibu wako Asia. Wapishi, bila shaka, walikuwa wanamjua siku nyingi.

Chura wa Kihansi ndiye aliyebanwa kuliko hawa wote. Hafiki sentimita tatu, ni wa manjano, na huzaa vitoto vilivyokamilika badala ya kutaga mayai yatakayotoa viluwiluwi. Dunia yake nzima ilikuwa kama hekta mbili za majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko katika korongo la Kihansi, huko huko Udzungwa. Alitambuliwa 1996, bwawa la umeme likiwa tayari linajengwa. Maji yalipogeuziwa kwenye mitambo, sehemu kubwa ya manyunyu ikakatika. Yakafungwa mabomba ya kunyunyiza, na vyura karibu 500 wakapandishwa ndege kwenda Marekani, wengine hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Korongoni kwenyewe idadi iliporomoka 2003, ugonjwa wa kuvu ukitajwa miongoni mwa sababu, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini.

Je, chura aliyezaliwa New York bado ni wa Kihansi tu? Ndiyo, kwa sababu kinachohesabiwa ni makao ya asili, si kizimba. Ndivyo ilivyo pia kwa ua la Usambara, ambalo Wajerumani walilipeleka kwao miaka ya 1890 na leo linauzwa kwenye vyungu Ulaya nzima: mwituni ni la Tanzania na Kenya. Vyura nao walirudishwa korongoni kuanzia 2012, na mabomba yanawanyunyizia.