Usiitupe Trei Bado: Kuotesha Akwilegia kwa Mbegu kwa Mara ya Kwanza

Swali tunaloulizwa mara nyingi kuliko yote kuhusu akwilegia ni hili: "Nimepanda mbegu, wiki tatu sasa, na trei bado ni tupu. Je, nimeuziwa mbegu mbovu?" Mara nyingi jibu letu ni hapana. Mbegu ni nzima, ila bado haijamaliza kujitengeneza humo ndani ya ganda lake. Wanaoanza hushindwa na mmea huu kwa kukosa kulijua jambo hilo moja.

Akwilegia, ambayo wengine huiita kolumbaini, asili yake ni misitu, malisho na miteremko ya milima ya Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Kwenye pakiti ya mbegu utaikuta kwa jina la Kilatini, Aquilegia. Ua lake lina petali tano, na kila petali ina mkia ulio wazi ndani kama mrija, unaochomoza kwa nyuma. Nekta, maji matamu ya ua, imewekwa kwenye ncha ya mkia huo. Katika aina ya kawaida ya Ulaya, Aquilegia vulgaris, mikia ni mifupi na imejikunja, na ndiyo maana wengi hulihusisha jina la Kilatini na neno aquila, yaani tai: mikia yafanana na kucha zake. Jina kolumbaini nalo limetokana na njiwa. Ligeuze ua juu chini ulitazame kwa makini, utawaona njiwa watano wamekaa duara, vichwa pamoja.

Urefu wa mkia unaeleza ni nani anayekuja kunywa. Aquilegia canadensis, nyekundu na njano, hutembelewa na ndege wadogo wavumaji wa Amerika. Aquilegia longissima ina mikia inayozidi sentimita 10, na huchavushwa na nondo wakubwa wenye ulimi mrefu. Ile ya buluu na nyeupe, Aquilegia caerulea, jimbo la Colorado nchini Marekani liliifanya ua lake rasmi mwaka 1899.

Sasa turudi kwenye mbegu. Weka moja kiganjani. Ni nyeusi, inang'aa kama iliyopakwa mafuta, na urefu wake ni kama milimita 2 tu. Ndani ya ganda hilo gumu, sehemu kubwa ni akiba ya chakula. Kiinitete chenyewe, yaani mmea mchanga ulio ndani ya mbegu, ni kidogo mno mbegu inapodondoka. Lazima kikue kwanza humo humo ndani kabla mzizi haujachomoza. Porini mbegu huanguka kiangazi, hulala chini ya majani makavu na theluji majira yote ya baridi, kisha huamka ardhi inapopata joto. Ndiyo kusema mbegu husubiri unyevu pamoja na baridi, halafu joto la wastani, tena kwa mpangilio huo. Kazi yako ni kuiletea hayo.

Friji inatosha kabisa. Jaza trei ndogo udongo laini wa kuoteshea unaopitisha maji, uloweshe vizuri, uache uchuje. Tawanya mbegu juu yake, zikandamize kidogo kwa kipande cha ubao au kwa vidole vikavu ili zigusane na udongo, kisha ingiza trei yote ndani ya mfuko wa plastiki. Iweke kwenye friji, kwenye nyuzi joto 4 hivi, kwa wiki 3 hadi 4. Si kwenye sehemu ya kugandishia barafu. Wengine huzifunga mbegu kwenye karatasi laini yenye unyevu, na njia hiyo inafaa pia, lakini mimi napendelea trei: mbegu hizi zikishalowa hung'ang'ania vidole, na ukichelewa kuifungua karatasi utakuta vimizizi vimeshachomoza na ni rahisi kukatika. Unyevu ni wa lazima. Kuliweka kopo la mbegu kavu kwenye friji kunazihifadhi tu, hakuziamshi.

Ukibahatika kupata mbegu mpya kabisa, zilizotoka kwenye mmea mwaka huo huo, zipande mara moja; nyingi huota bila kusumbua. Mbegu ya pakiti iliyokaa muda mrefu ndiyo inayolala usingizi mzito.

Kosa la pili ni kuzifukia. Mkono wa mkulima umezoea kufukia kila mbegu, na hapa mazoea hayo yanaponza. Mbegu ya akwilegia huota vizuri ikipata mwanga, kwa hiyo iache juu ya udongo. Ukiona lazima uifunike, nyunyiza chembe za mchanga mwembamba kiasi cha mbegu kuendelea kuonekana katikati yake. Trei ikitoka kwenye friji, iweke mahali penye mwanga mwingi lakini si jua kali, kwenye nyuzi joto 18 hadi 21. Usimwagilie kwa juu kwa kopo, kwa sababu mbegu zitasombwa zote kwenye kona moja. Ikalishe trei kwenye beseni la maji kina cha sentimita 2, ngoja mpaka uso wa udongo ubadilike rangi, halafu uitoe.

Kisha ngoja. Baadhi zitaota baada ya wiki 3 au 4. Nyingine zitachukua miezi 2, hata 3, na hazitaota kwa pamoja. Nilipokuwa naanza kazi hii nilimwaga trei nzima kwenye lundo la mboji baada ya mwezi na nusu, nikiamini mbegu zimekufa. Majira ya machipuko yaliyofuata, ukingo wa lundo lile ulikuwa umejaa miche ya akwilegia. Tangu siku hiyo kila trei yangu ina kibao chenye jina na tarehe, na haitupwi kabla majira ya baridi hayajapita juu yake walau mara moja.

Mche ukitokeza, utambue. Majani yake mawili ya kwanza ni madogo, laini na ya mviringo, hayafanani hata kidogo na ya mmea mkubwa, ndiyo maana watu huyang'oa wakidhani ni magugu. Jani la tatu ndilo linaloonyesha ukoo: limegawanyika sehemu tatu, kingo zake zina mapengo ya duara. Likidondokewa na maji, tone halisambai. Hujikusanya likawa kama ushanga wa fedha na kuteleza. Ukishaiona shanga hiyo, jua hili si gugu.

Adui wa wakati huu ni kinyausi. Shina la mche huoza usawa wa udongo na mche hulala chini ghafla, na huanzia kwenye udongo unaokaa umelowa bila hewa kupita. Ondoa plastiki mara miche inapoanza kuonekana, na uache uso wa udongo ukauke kidogo kabla ya kuloweka tena.

Hamisha miche mapema, ikiwa na majani halisi 2 au 3. Akwilegia huteremsha mzizi mkuu mrefu, na ukishakatika mmea hudhoofika au hufa. Shika mche kwa jani, usiushike kwa shina, kisha uweke kwenye chungu chenye kina. Bustanini upe nafasi ya sentimita 30 hadi 45 kati ya mmea na mmea, kwenye udongo wenye mboji usiotuamisha maji, penye kivuli cha sehemu ya siku.

Mwaka wa kwanza tarajia majani tu. Aina nyingi huchanua mwaka wa pili, baada ya mmea wenyewe, wala si mbegu pekee, kupitia baridi. Nalisema hili waziwazi kwa wanaoishi penye joto mwaka mzima: kwa friji mtaotesha miche mizuri, lakini maua huenda msiyaone kabisa. Ni afadhali kulijua hilo kabla ya kuanza.

Mistari myeupe iliyopindapinda kwenye majani ni njia za mabuu wachimba majani. Inachukiza kwa macho lakini haiui mmea. Kata majani hayo uyatupe mbali, mapya yatatoka. Ubwiri unga, ukungu mweupe kama unga juu ya majani, hupungua mimea ikiwa na nafasi ya hewa. Ubwiri vinyoya, ugonjwa mwingine wa majani, ni habari nyingine: ulionekana Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 2013, na mmea ulioshikwa unang'olewa wote, hautiwi kwenye mboji. Na kama nyumbani kuna watoto wadogo, kumbuka kwamba mbegu na mizizi ya akwilegia ina sumu.

Maua yakikauka, kila ua huacha vifuko vitano vilivyosimama wima. Vikigeuka kahawia na kufunguka midomo juu, inamisha bua ndani ya bahasha ya karatasi ulitikise. Mbegu zitalia kama kayamba. Ukiwa na rangi mbili au tatu bustanini, nyuki watakuwa wamezichanganya, na watoto hawatafanana na mama. Kama unataka rangi ile ile, bakiza aina moja. Kama hujali, kandamiza nusu ya mbegu hizo kwenye trei siku hiyo hiyo, zikiwa bado mbichi, na uandike tarehe kwenye kibao.