Route 66: unayoyasikia na yaliyopo barabarani

Route 66, barabara ya Marekani iliyotoka Chicago hadi Santa Monica, California, ilipewa namba yake mwaka 1926, na kwa kuwa sasa imefikisha karne, picha zake zimezagaa kuliko kawaida: kibao chenye 66, gari jekundu lisilo na paa, jangwa, machweo. Ukitazama hizo picha utadhani kazi ni kukodi gari na kukanyaga mafuta. Wengi hufika wakakuta mambo mengine kabisa. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi kwa watu wanaoipangia safari.

“Ni barabara moja, unaishika Chicago unaiachia baharini”

Kisheria Route 66 haipo tangu Juni 1985. Ilifutwa kwenye orodha ya barabara kuu za Marekani baada ya njia pana za I-55, I-44, I-40, I-15 na I-10 kuichukulia kazi. Vilivyobaki ni vipande. Hapa ni mtaa mkuu wa mji mdogo, pale ni lami nyembamba inayokwenda sambamba na I-40, kwingine changarawe, na kwingine inaishia kwenye uzio wa shamba la mtu. Hata enzi zake haikutulia mahali pamoja. Hadi mwaka 1937 ilipitia Santa Fe, kisha ikanyooshwa na Santa Fe ikaachwa kando. Kwa hiyo wazee wawili wa New Mexico wanaweza kubishania 66 ya kweli ni ipi, na wote wakawa sahihi.

Ukiiambia simu ikutoe Chicago ikufikishe Santa Monica, itakupitisha njia pana mwanzo mwisho na utafika bila kuigusa 66. Panga mji kwa mji, na ukiwa njiani fuata vibao vya kahawia vinavyoonyesha njia ya zamani.

Na kile kibao cha mwisho kwenye gati la Santa Monica, ambacho kila mtu anapigia picha, kiliwekwa mwaka 2009. Mwisho rasmi ulikuwa makutano ya barabara za Lincoln na Olympic, mbali kidogo na maji. Piga picha yako gatini kwa amani. Kule kwenye makutano hakuna cha kutazama.

“Wiki moja inatosha”

Urefu wake ulikuwa karibu kilomita 3,940, sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Lusaka na kurudi. Kwa njia pana unaweza kuzimaliza ndani ya siku chache, lakini hapo umeona malori na vibao vya kutokea tu. Kwa barabara ya zamani, yenye taa za miji midogo na vituo vya kila saa, wiki mbili ndiyo kiasi cha kuvuta pumzi.

Asiye na wiki mbili achague kipande. Kansas haina hata kilomita 25 za 66. Oklahoma ndiyo yenye kilomita nyingi zinazopitika, zaidi ya 600. Arizona ina kipande kirefu kisichokatika, karibu kilomita 250 kutoka Seligman hadi Topock ukingoni mwa mto Colorado, na ningelazimishwa kuchagua kimoja ningeenda hicho.

Kipande hicho kisingekuwepo bila kinyozi. Septemba 1978 I-40 ilifunguliwa pembeni ya Seligman, na magari yaliyokuwa yakipita mjini yakatoweka siku ileile. Maduka yakaanza kufungwa. Angel Delgadillo, kinyozi wa mji, akawakusanya wenzake mwaka 1987 wakaunda chama, wakaibana serikali ya Arizona mpaka ikaitambua barabara yao kuwa ya kihistoria. Majimbo mengine yakafuata nyayo. Chumba chake cha kunyolea sasa ni duka la zawadi, na kiti chake cha kunyolea bado kimo ndani. Mtaani humo kuna kibanda cha baga cha Snow Cap, kilichojengwa na kaka yake Juan mwaka 1953, maarufu kwa kuwatania wateja. Ukinunua soda, jiandae kuchezewa.

“Chakula cha njiani ni baga zilezile za makampuni”

Ukila kwenye vituo vya njia pana, ndiyo, utakula kitu kilekile kuanzia Illinois hadi California. Toka njia kuu kwa dakika tano mambo yanabadilika.

Mfano wangu ni El Reno, magharibi ya Oklahoma City, kwenye baga ya vitunguu. Mpishi anatupa donge la nyama ya ng’ombe kwenye bamba la chuma lenye moto, anarundika juu yake vitunguu vilivyokatwa vyembamba, karibu ujazo sawa na nyama yenyewe, kisha anakandamiza kwa mwiko bapa mpaka vitunguu vizame ndani ya nyama. Akigeuza, vitunguu ndivyo vinavyokaangika kwa mafuta ya nyama, vikawa vya kahawia na kuungua kidogo pembeni. Mkate unawekwa juu yake upate mvuke. Mtindo huo ulianza miaka ya 1920, watu walipokuwa hawana hela: nyama ghali, vitunguu rahisi. Robert’s, Johnnie’s na Sid’s ziko karibu karibu, na kila mwenyeji ana upande wake. Mimi nakaa kaunta popote panaponiruhusu kumwona mpishi.

Amarillo, Texas, utasikia kuwa Big Texan wanagawa nyama bure. Nyama yenyewe ni steki ya wakia 72, yaani kilo mbili na kitu, na lazima uimalize ndani ya saa moja pamoja na kamba, kiazi, saladi na mkate. Unalipa kwanza, unaketishwa kwenye meza iliyoinuliwa mbele ya ukumbi mzima na saa inahesabu juu ya kichwa chako. Ukishinda unarudishiwa hela. Walio wengi hawarudishiwi. Agiza steki ya kawaida utazame wengine wakihangaika.

Ukivuka kuingia New Mexico utaulizwa nyekundu au kijani. Wanamaanisha mchuzi wa pilipili, na jimbo limelifanya hilo kuwa swali lake rasmi. Ukishindwa kuamua, omba yote mawili.

Kwa asiyekula nguruwe: hatari haiko kwenye steki. Maharage mengi hupikwa kwa mafuta ya nguruwe, mboga za majani hutiwa vipande vya nyama yake, mchuzi wa pilipili za kijani mara nyingi huwa nayo, na baga ya ng’ombe inaweza kukaangwa pale palipotoka bekoni. Uliza waziwazi, hakuna atakayekushangaa. Anayetaka zabiha, yaani nyama iliyochinjwa Kiislamu, atapata tabu zaidi nje ya miji mikubwa. Kwenye I-40 kuna vituo vya malori vinavyouza chakula cha Kipunjabi, kwa kuwa Wapunjabi ni wengi kwenye kazi ya malori, na hapo chapati kwa dengu huokoa siku.

“Moteli ni za kuogopa, lala hoteli kubwa”

Filamu zimeziharibia jina. Zipo chafu, hilo silifichi. Omba kuonyeshwa chumba kabla ya kutoa kadi, vuta shuka, fungua bomba, ndipo ulipe. Lakini moteli za 66 zenyewe ni sehemu ya matembezi. Blue Swallow ya Tucumcari, New Mexico, ilianza kujengwa mwaka 1939 na kila chumba kilijengewa banda lake la gari ubavuni. Jioni taa zake za neoni zikiwaka, watu hutoa viti nje wakapiga soga na majirani wa usiku mmoja.

Holbrook, Arizona, kuna Wigwam, vyumba vya zege vyenye umbo la hema, vya mwaka 1950. Wageni hudhani ndivyo wenyeji wa asili wa huko walivyoishi. Sivyo. Hema la namna hiyo ni la watu wa nyanda kuu za katikati ya Marekani. Wanavajo waliopakana na Holbrook walijenga nyumba za magogo na udongo, na mlango wake hutazama mashariki. Umbo lile lilikuwa la kuvutia madereva tu.

Mapokezini mara nyingi utamkuta mtu mwenye asili ya Gujarat. Moteli nyingi ndogo za Marekani zimo mikononi mwa familia hizo, na baadhi yao walipitia Afrika Mashariki, wakiwemo waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Jaribu “shikamoo” kwa mzee wa makamo. Mara nyingine hujibiwa.

“Ilikuwa barabara ya uhuru kwa kila mtu”

Hii ndiyo dhana inayonikera. Kwa msafiri Mweusi, karibu nusu ya kaunti zilizopitiwa na 66 zilikuwa na miji isiyomtaka jua likizama. Moteli zilimkataa, vituo vya mafuta vilimuuzia petroli vikamnyima choo. Ndiyo maana Victor Hugo Green, tarishi wa posta wa Harlem, New York, alianza kuchapisha mwaka 1936 mwongozo wa mahali pa kulala na kula pasipo na fedheha, na ukaendelea kutoka mpaka katikati ya miaka ya 1960. Karibu na Luther, Oklahoma, kituo cha mafuta cha mawe cha familia ya Threatt, Weusi waliokuwa na ardhi yao, bado kimesimama. Hakina taa za neoni wala foleni ya wapiga picha. Mimi ningekiweka juu ya orodha.

“Arizona ni joto tupu”

Flagstaff iko zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari na hupata theluji nyingi. Mwezi Januari bila koti utajuta. Hapo pia ndipo saa zinapochanganya watu. Arizona haisogezi saa majira ya joto, lakini nchi ya Wanavajo iliyo ndani yake inasogeza. Ukiwa na miadi ya kutembezwa huko, uliza ni kwa saa ya nani.

Kutoka mji wa Williams, Arizona, ni mwendo wa saa moja hivi hadi korongo la Grand Canyon. Tangu Januari 2026 mgeni asiye mkazi wa Marekani hulipa dola 100 za ziada katika hifadhi 11, hiyo ikiwemo, au ananunua kadi ya mwaka ya dola 250 ambayo mkazi huipata kwa 80. Sisi tunaotoza wageni bei yao Serengeti hatuna pa kulalamikia.

“Bei iliyoandikwa ndiyo unayolipa”

Kodi huongezwa kwenye risiti, na mhudumu wa mezani hutarajia asilimia 15 hadi 20. Oklahoma na Texas mwajiri anaruhusiwa kumlipa dola 2.13 tu kwa saa, akitegemewa ajazie kwa bakshishi, kwa hiyo usiondoke bila kuacha kitu. Kwenye pampu, mashine itakuomba namba ya posta ya Marekani, ambayo kadi yako ya Dar au Nairobi haina. Ingia ndani, mtajie muuzaji namba ya pampu na kiasi unachotaka, ulipe kwanza, ndipo utoke ukajaze.