Ukifika Olympia, anza na makumbusho

Wageni wengi wanaofika Olympia, mahali pa michezo ya Olimpiki ya kale, magharibi mwa rasi ya Peloponnese nchini Ugiriki, hukimbilia uwanja wa mbio, wakapiga picha kwenye mawe ya mstari wa kuanzia, na kufika makumbusho jua limeshawachosha. Mimi ni mwanaakiolojia, nami huwashauri watu wafanye kinyume: makumbusho kwanza, magofu baadaye.

Sababu ni hekalu la Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, lililojengwa na Libon wa Elis na kukamilika karibu mwaka 456 KK. Leo utakuta jukwaa la mawe na vipande vinene vya nguzo vimelala pale pale vilipoangushwa na matetemeko ya ardhi ya karne ya 6 BK. Nguzo moja tu ilisimamishwa upya, mwaka 2004. Mawe yenyewe ni ya chokaa, yamejaa magamba ya viumbe wa baharini. Zamani yalipigwa lipu nyeupe yafanane na marumaru. Asiyejua ataona kifusi tu.

Sanamu zilizojaza pembetatu mbili za paa la hekalu hilo ziko makumbusho, katika ukumbi mkubwa, kundi moja likitazamana na jingine. Upande wa magharibi mungu Apollo amenyoosha mkono katikati ya mapigano ya Walapithi, watu wa hadithi za Kigiriki, na Makentauri, viumbe nusu mtu nusu farasi. Lakini mimi hukaa zaidi mbele ya kundi la mashariki. Shujaa Pelops na mpinzani wake, mfalme Oinomaos, wamesimama kimya pande mbili za Zeus, kabla ya mbio za magari ya farasi zitakazomuua mfalme. Pembeni ameketi mzee mwaguzi, kifua kimelegea, mkono karibu na shavu. Ameshajua yatakayotokea. Ukiisha kumwona huyo, lile jukwaa tupu huko nje halitakuwa tupu tena.

Kwamba sanamu hizi zimebaki hatua chache kutoka zilipofukuliwa si jambo dogo. Mwaka 1829 Wafaransa walichimba hapa, na vipande vya michongo ya hekalu hilo, inayoonyesha kazi za shujaa Herakles, vikaenda makumbusho ya Louvre, Paris, viko huko hadi leo. Mwaka 1874 Ugiriki na Ujerumani zilitiliana saini mkataba: Wajerumani wachimbe, vitakavyopatikana vibaki Ugiriki. Kazi ikaanza 1875 chini ya Ernst Curtius. Kwangu mimi mkataba ule una uzito sawa na sanamu yoyote iliyofukuliwa.

Kisha kuna sanamu ya mungu Hermes aliyembeba mtoto Dionysos. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, aliandika kwamba aliiona katika hekalu la Hera, mke wa Zeus, na kwamba ni kazi ya mchongaji Praxiteles. Mwaka 1877 wachimbaji waliikuta humo humo. Uso wake umebaki laini ajabu, na kilichouokoa ni udongo. Kuta za hekalu hilo zilikuwa za matofali mabichi juu ya msingi wa mawe. Paa lilipotoweka zikayeyuka, kama nyumba yoyote ya udongo iliyoachwa kwenye mvua, zikaifunika sanamu. Ukitoka nje, angalia nguzo za hekalu hilo: hazifanani. Za mwanzo zilikuwa za mti, zikabadilishwa moja moja kwa mawe katika vizazi tofauti. Pausanias bado alikuta moja ya mwaloni.

Usiikose karakana ya mchongaji Pheidias, aliyetengeneza sanamu ya Zeus ya dhahabu na pembe za ndovu, yenye kimo cha mita 12 hivi. Sanamu ilipotea kabisa. Lakini ndani na kando ya karakana zilipatikana kalibu za udongo za kufinyangia mikunjo ya vazi, mabaki ya pembe, na kikombe kilichoandikwa chini yake “Mimi ni wa Pheidias”. Vyote utakuwa umeviona makumbusho. Kuta zimesimama mpaka leo kwa sababu Wakristo waliigeuza kanisa katika karne ya 5. Vipimo vyake vinakaribiana na vya chumba cha ndani cha hekalu la Zeus, ilikosimama sanamu hiyo, hivyo fundi aliweza kuona hapa jinsi sanamu yake itakavyokaa kule.